Sentimita Sitini na Sita

Dokta Mshamu alinibebea ndoo siku ya kwanza tuliyoonana. Nalisema hili mwanzo kabisa, kwa sababu sitaki mtu aje aniambie nimelisahau. Nilikuwa natoka mikokoni na kaa kumi na wanne, tope limenifika kiunoni, naye akashuka kwenye boti na viatu vyake vizuri vya mjini, akaipokea ndoo bila kuombwa, akaifikisha mpaka uani kwangu. Akaniamkia shikamoo kwa adabu. Nilipomuuliza kwao ni wapi akasema Nyamwage, akanitajia na babu yake, kumbe babu yake nilimjua. Tukacheka. Nikampikia kaa kwa nazi, akala akarudia.

Alikuwa amekuja na mjukuu wangu, Warda.

Warda ni mtoto wa marehemu binti yangu Nasra. Nimemlea tangu ana miaka minne, hapa hapa kisiwani kwetu, mwendo wa saa moja na nusu kwa boti ya mashine kutoka Nyamisati. Wakati huo alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, Dar es Salaam, anasomea viumbe vya majini. Chuoni kwao walikuwa wameanzisha mpango: mwanafunzi ambaye bado hajamaliza shahada ya kwanza anapewa mwalimu wa kumsimamia, anachagua swali lake mwenyewe, anakwenda kulifanyia utafiti likizo ndefu, kisha anasimama mbele ya walimu aeleze alichokipata. Wanaoomba ni wengi, wanaochukuliwa wachache. Na ambaye kazi yake itachapishwa kwenye jarida kwa jina lake, chuo kinamsomesha shahada ya pili. Warda aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona anakitaka.

"Bibi, wamenichukua," alinipigia simu.

"Wamekuchukulia nini?"

"Kaa. Swali langu ni mashimo ya kaa."

"Mbona hilo ungeniuliza mimi tangu zamani."

"Ndiyo nakuja kukuuliza sasa, bibi. Na nitaandika majibu."

Swali lenyewe lilikuwa hivi: kaa wetu wanachimba kina gani, na je, pale mikoko ilipokatwa wanachimba sawa na pale ilipoachwa? Dokta Mshamu ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Alikaa kwetu siku mbili, akamwonyesha pa kuanzia, akarudi mjini. Kazi akatuachia sisi.

Siku ya kwanza Warda alikwenda na tepu ya chuma, ile ya mafundi. Sasa shimo la kaa halishuki wima kama kisima. Linaingia kwa mshazari, linakunja, linashuka tena. Tepu ilifika kwenye kona ikajikunja. Akajaribu fimbo, ikagonga ukuta. Mchana ukaisha amepima mashimo matatu, na hayo matatu hana hakika nayo.

"Nyie mnajuaje shimo lina kina gani?" akaniuliza.

"Tunaingiza mkono."

"Halafu?"

"Halafu tunajua."

Sisi wanawake wa kisiwani tunavua kaa kwa mkono. Wanaume wana vyuma vyao vyenye ndoano, lakini ndoano humvunja kaa miguu na mnunuzi hamtaki. Mwanamke analala kifudifudi, shavu juu ya tope, anaingiza mkono taratibu ukifuata kona za shimo. Na kina tunakitaja kwa mkono huo huo. Kuna shimo la kifundo, kuna la kiwiko, kuna la bega. Likizidi kidogo au likipungua kidogo tunataja vidole: kiwiko na vidole vitatu, bega kasoro vidole viwili. Lililozidi bega tunaliacha. Kaa wa humo hatumfikii, tunasema amejaliwa.

Warda aliutazama mkono wangu. Kisha akachukua tepu yake akanipima mimi. Kutoka ncha ya kidole hadi kifundo, sentimita kumi na saba. Hadi kiwiko, arobaini na moja. Hadi kwapani, sitini na sita. Upana wa kidole kimoja, mbili. Akaandika ukurasa mzima kwenye daftari lake, akanisomea: kina kimepimwa kwa mkono wa kulia wa Bi Mwanaharusi Dadi, umri miaka sitini na saba.

"Umri wangu wa nini humo?"

"Mtu akitaka kurudia kazi hii lazima ajue chombo kilikuwa kipi."

"Kwa hiyo mimi chombo."

"Tena cha hali ya juu, bibi."

Tulifanya kazi siku ishirini na sita, maji yakipwa. Mimi nalala kwenye tope nataja, yeye anaandika. Mashimo mia mbili na arobaini. Lile lililozidi bega aliandika sitini na sita, na mbele yake alama ya kujumlisha. Nikamuuliza alama ile ni ya nini.

"Maana yake hatujui linaishia wapi."

"Na kutojua nako kunaandikwa?"

"Hasa hilo, bibi. Nisipoliandika nitakuwa nimesema uongo."

Jioni alinikanda bega kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Hakuwahi kusahau hata siku moja, hata siku aliyokuwa na homa. Mtoto huyu ndiye ninayemzungumzia.

Mwishoni Dokta alirudi, akalichukua daftari alipitie. Warda alikuwa amepiga picha kurasa zote kwa simu yake, kwa kuogopa tope tu, si kwa kumshuku mwalimu wake.

Baada ya miezi minne Dokta alimwita ofisini. Akamwambia kazi haijafikia kiwango. Akamwambia kupima kwa mkono wa bibi kizee si sayansi, chuo kitachekwa. Akampa kazi nyingine ya kufupisha vitabu vya watu maktabani, na siku ya kusimama mbele ya walimu ikapita yeye amekaa nyuma anawapigia wenzake makofi. Haya aliniambia kwa simu kwa sauti ya kuomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyeuaibisha mkono wangu.

Nilimwamini Dokta. Nilisema labda ni kweli, wao ndio wanaojua.

Mwezi wa sita Warda alikuja nyumbani likizo. Siku ya tatu, tumekaa barazani tunapepeta mchele, akawa anatazama simu yake, mara akaisogeza karibu na uso, nami nikauacha ungo.

Kazi ilikuwa imechapishwa kwenye jarida. Jina la Dokta Mshamu juu, peke yake. Warda akanisomea, anageuza Kiingereza kuwa Kiswahili polepole. Mashimo mia mbili na arobaini. Kisiwa chetu. Siku ishirini na sita.

"Anasema alipima kwa nini?" nikamuuliza.

"Kwa tepu ya chuma."

"Endelea."

"Anasema amegundua jambo jipya. Kaa wa delta ya Rufiji hawachimbi kupita sentimita sitini na sita." Akaupitia mstari tena kwa kidole. "Ameondoa zile alama za kujumlisha, bibi. Anasema huenda chini ya hapo kuna tabaka gumu la udongo linalowazuia."

Warda alikuwa analia. Mimi niliinua mkono wangu wa kulia nikautazama. Tabaka gumu halikuwepo. Kilichowazuia kaa wale ni kwapa langu.

Nikamwambia nakwenda chuoni kesho. Akanishika miguu.

"Bibi, usifanye kitu. Mwaka huu ndiye anayesahihisha mitihani yangu miwili. Akijua nimelalamika nimekwisha. Niahidi hutamtajia mtu yeyote jina langu."

"Warda."

"Niahidi."

Nikaahidi. Nilipoona anavyonitazama sikuweza vinginevyo.

Siku zake zote zilizobaki za likizo hakula vizuri. Nilimpikia wali wa nazi akauchezea kwa vidole, nikamchomea kambale akasema ameshiba. Alikuwa akinisaidia kila kazi, anachota maji, anafua, lakini alikuwa kama mgeni anayengoja gari. Siku moja akaniambia akimaliza shahada atatafuta kazi dukani, habari za utafiti basi tena. Alisema bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonichoma.

Mimi si mtu wa ugomvi. Waulize majirani. Lakini tangu siku ile kuna kitu kilikaa ndani yangu, hakitoki kwa dua wala kwa kazi. Nilikuwa nalala kwenye tope, mkono umo shimoni, namsemesha Dokta. Sikutaka aje kuomba radhi. Nilitaka aaibike, na watu wawepo.

Mwezi wa tisa mtendaji wa kijiji alikuja na barua. Wataalamu wa chuo wanaleta mrejesho wa utafiti wa kaa, mkutano uko Kibiti mjini, wanaalikwa wawakilishi wa vijiji na wanawake wawili wavuvi wa kaa.

"Anayekuja kusema ni nani?" nikamuuliza.

"Dokta Mshamu. Yule aliyewahi kuja kwako. Watakuwepo na wakubwa wake kutoka chuoni, na watu wa wilaya."

"Andika jina langu."

"Bi Mwanaharusi, wewe si uliniambia hupendi mikutano?"

"Nimeanza kuipenda."

Wa pili alikuwa jirani yangu Somoe, mwanamke mwenye ulimi usiopumzika. Warda sikumwambia kitu. Asubuhi ya safari niliuosha mkono wangu kwa maji ya moto, nikausugua kucha, nikaupaka mafuta. Kwenye boti Somoe akanitazama, akatazama tena.

"Mwenzangu, mbona umejipaka mafuta mkono mmoja tu?"

"Huo ndio unaokwenda mkutanoni."

"Na huo mwingine?"

"Umesindikiza."

Twalibu, mwenye boti, akacheka mpaka akaupoteza usukani kidogo. Sikumwambia Somoe zaidi. Ningemwambia, habari ingefika Kibiti kabla yetu. Tulishuka Nyamisati tukapanda gari hadi Bungu, na Bungu hadi Kibiti.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Nilikaa karibu na dirisha, jua likawa linanipiga usoni. Dokta Mshamu aliponiona alisimama ghafla na karatasi zake mkononi. Nilimwona anahesabu moyoni: huyu amejua au hajajua. Kisha akaja mbio mbio.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Usikae hapa, jua kali. Njoo huku kwenye feni."

Akanibebea kiti mwenyewe. Akaniletea chai na chapati mbili, akamletea na Somoe. Nayaandika haya pia, kwa kuwa aliyafanya, na sidhani yote yalikuwa ya kunihonga. Mtu anaweza kuwa na mkono mwepesi wa kusaidia na bado akakuibia.

"Warda mzima?" akaniuliza, anatazama kikombe changu.

"Mzima."

"Binti mzuri yule. Ana haraka tu. Mwambie avumilie, mambo mazuri yanakuja."

"Nitamwambia."

"Hujanikasirikia, bibi?"

"Kanywe chai yako, mwanangu, itapoa."

Akaenda, mabega yameshuka kwa nafuu. Ningeweza kumwonya pale. Ningemvuta pembeni nikamwambia rudisha jina la mtoto kabla sijasimama, na nadhani angerudisha. Nilimwacha aende.

Mwenyekiti wa mkutano alikuwa mama mmoja mfupi mwenye ushungi wa kijivu, Profesa Sihaba, mkubwa wa Dokta huko chuoni. Alikuwa amepita safu kwa safu akitushika mikono wote, na kwa wazee aliinama. Somoe akaninong'oneza, "Huyu amelelewa."

Dokta alisimama akaanza. Alisema vizuri, sauti yake nzuri. Aliweka picha ya kaa ukutani, aliinua tepu ya chuma kuonyesha chombo alichotumia, mpya, haina hata punje ya tope. Karatasi zenye orodha ya vina vyote tukagawiwa. Akaeleza ugunduzi wake wa sentimita sitini na sita na lile tabaka gumu. Watu wa wilaya wakawa wanaandika. Mmoja alisema kama ni hivyo basi watu wanaweza kuchimba mabwawa ya kaa ya kina kifupi tu, na Dokta akasema hasa, ndiyo faida ya sayansi.

"Kaa gani hao?" Somoe akanung'unika. "Mbona mimi nawakosa kila siku kwa sababu wako chini."

"Nyamaza. Ngoja."

Walipotoa nafasi ya maswali nilinyoosha mkono, ule wa mafuta. Nikapewa kipaza sauti. Nikakirudisha, sauti yangu inatosha.

"Mimi naitwa Mwanaharusi Dadi. Navua kaa tangu nina miaka tisa. Sikusoma sana, nilipata kisomo cha watu wazima tu, kwa hiyo naomba Dokta anieleweshe polepole."

"Uliza tu, bibi yangu," akasema Dokta.

"Mashimo haya ulipima mwenyewe?"

Akakohoa kidogo. "Mimi na timu yangu."

"Kwa hiyo tepu."

"Kwa tepu hii, ndiyo."

"Na kaa wote wakifika sitini na sita wanasimama."

"Ndiyo maajabu yenyewe, bibi. Mashimo tisini na moja yaliishia hapo hapo, sitini na sita kamili."

"Halikuzidi hata moja?"

"Hata moja."

"Kaa mkubwa na kaa mdogo, wote wanajua pa kusimama."

Watu wakacheka kidogo, naye akacheka nao. "Maumbile, bibi. Wao hawaoni, wanagonga tu lile tabaka."

Nilimwacha amalize kucheka. Kisha nikatoka kwenye safu yangu, nikaenda mbele mpaka kwenye meza ya Profesa, nikapandisha mkono wa baibui mpaka begani, nikaulaza mkono wangu mezani juu ya kitambaa chao cheupe.

"Mama," nikamwambia Profesa, "naomba unipime kwa tepu ile. Kutoka hapa mpaka hapa."

Alinitazama machoni. Hakuuliza kwa nini. Akanyoosha mkono kwa Dokta, na Dokta ikabidi ampe tepu. Akanipima taratibu, kwa heshima, kama anayepima shela ya bibi harusi.

"Sitini na sita," akasema.

Ukumbi ulikuwa bado haujaelewa.

"Sasa pima mpaka kwenye kiwiko."

"Arobaini na moja."

"Kifundo."

"Kumi na saba."

Akaiweka tepu chini. Akaichukua karatasi yenye orodha, akaanza kushuka nayo kwa kidole. Alichukua muda mrefu. Nilimwona midomo inatembea: kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na moja, arobaini na moja, arobaini na tatu, sitini na nne, sitini na sita, sitini na sita.

"Dokta," akasema, bado anatazama karatasi, "katika mashimo mia mbili na arobaini, mbona hakuna hata moja la thelathini? Wala la hamsini na tatu?"

"Ni mpangilio wa... Profesa, hiyo ni bahati ya namba tu."

"Sisi tunapima kwa mkono," nikasema. "Kifundo, kiwiko, bega, na vidole juu yake. Hayo mashimo tisini na moja, mkono wangu uliishia na shimo likaendelea. Hilo tabaka gumu ni kwapa langu, mama."

Somoe ndiye aliyeanza kucheka, kisha wavuvi wote, kisha hata watu wa wilaya, wamejifunika midomo kwa zile karatasi. Dokta alikuwa amesimama katikati ya picha ya kaa, taa ya mashine ya picha inamwangaza usoni.

Profesa hakucheka. Alingoja kimya kirudi.

"Bibi, ulipokuwa unapima, nani alikuwa anaandika?"

"Mimi niliahidi kutomtaja," nikasema. "Na sitamtaja. Muulize Dokta, anamjua."

Kijana mmoja wa chuoni alinisogezea kiti nikae. Nilimshukuru na sikukaa. Nilitaka Dokta aniangalie wakati anajibu.

"Dokta Mshamu?"

Akalegeza tai. Akasema kitu kisichosikika.

"Huku nyuma hatusikii," Somoe akapaza sauti.

"Warda," akasema.

"Warda nani?" Profesa akauliza.

"Warda Ismaily."

"Ni nani huyo?"

"Mwanafunzi wangu. Wa shahada ya kwanza."

"Na daftari lake liko wapi?"

"Ofisini kwangu."

Nilimtazama kila neno lilipokuwa linamtoka. Nilikuwa nimengoja miezi mitatu. Nilijisikia mtamu mwili mzima, kama mtu aliyekunywa maji baada ya kufunga, na sitadanganya kwamba niliona huruma. Huruma ilikuja baadaye sana, tena kidogo.

Kesho yake Warda alinipigia simu. Habari ilikuwa imeshafika chuoni, mtu alirekodi kwa simu, wanafunzi wanaangalia na kucheka.

"Bibi, uliniahidi."

"Sikukutaja."

"Ulimfanya anitaje yeye. Si ni kile kile?"

"Kwangu mimi si kile kile. Nilitaka atamke yeye."

"Wewe ulitaka. Mimi je? Walimu wote sasa wananiangalia kama nyoka. Nani atanisimamia?"

Akakata simu, na wiki mbili hakunipigia. Alikuwa na haki. Mpango wake wote ulisimamishwa mpaka kamati ya chuo ikae. Mwalimu mmoja alimwambia mbele ya wenzake, "Wewe ndiye yule wa bibi? Mimi sina nafasi." Siku hizo nilikuwa nakwenda mikokoni na kurudi na ndoo tupu, mawazo hayako kwenye kaa. Nilijuta kwa ajili yake. Kwa ajili ya Dokta sikujuta hata dakika.

Aliyetuokoa ni Profesa Sihaba. Alimwita Warda, akaziona zile picha za kurasa kwenye simu, akasoma ule ukurasa wa mkono wangu, akamwambia hajawahi kuona mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeandika kwa uwazi hivyo asichokijua. Akamchukua yeye mwenyewe. Akamwambia rudi kisiwani, ukapime upya yale tisini na moja. Warda alikuja na mpira mwembamba wa maji, ule unaopinda, ukafuata kona zote. Shimo la kina kirefu kuliko yote lilikuwa mita moja na sentimita kumi na mbili. Siku ile ndiyo alianza kunizungumzisha tena vizuri.

"Kumbe walikuwa mbali hivyo," nikasema.

"Ulikuwa unawakaribia tu, bibi."

Jarida likaifuta kazi ya Dokta. Ikatoka nyingine mwaka uliofuata, jina la Warda la kwanza. Barua ya kusomeshwa shahada ya pili aliniletea mwenyewe nikaisoma, nikamwomba aniachie nikae nayo mpaka kesho.

Mwezi wa tatu wa mwaka huo Dokta Mshamu alikuja kisiwani. Alikuja peke yake na boti ya Twalibu, amepungua, viatu ameshika mkononi. Kamati ilikuwa imemzuia kusimamia wanafunzi, na ilikuwa inakaribia kukaa tena kuamua kama abaki kazini. Nilimpa maji ya kunawa miguu, nikampa kanga kavu ajifunge maana suruali ilikuwa imelowa, nikampakulia wali na kaa. Mtu akifika kwako anakula kwanza. Alikula kidogo.

"Bibi, nimekuja kuomba msamaha," akasema. "Na kama utaniandikia barua kwamba umenisamehe, kamati itaitazama."

Alikuwa ameshaiandaa karatasi, na kalamu.

"Ulipomwambia Warda mkono wangu si sayansi," nikamuuliza, "ulikuwa unaamini?"

"Hapana."

"Uliiona ni kazi nzuri."

"Niliiona nzuri sana, bibi. Mimi nilikuwa na miaka mitano sijachapisha kitu. Walikuwa wananisema."

"Kwa hiyo ukaichukua."

"Nikaichukua."

"Na mtoto mwenyewe ulimfikiria?"

"Nilijiambia bado mdogo, atapata nyingine."

Nikamsogezea ile karatasi. "Haya, yaandike hayo. Kama ulivyoniambia sasa hivi, usipunguze. Ukimaliza mimi nitaweka jina langu chini, kwamba nimeyasikia."

"Hiyo ndiyo barua, bibi?"

"Ndiyo barua yangu."

Kutoka ufukweni Twalibu akaita kwamba maji yanapwa. Dokta akachukua kalamu akaandika, nami nikasimama nyuma yake nasoma mstari kwa mstari. Palipoandikwa "mwanafunzi mmoja" nikamgusa bega. Akakata, akaandika jina. Nikaweka na langu chini, kwa herufi zangu kubwa.

"Na msamaha, bibi?" akaniuliza, bado amekaa.

"Maji yanakwenda, mwanangu. Ukichelewa utakaa kwenye tope mpaka alasiri."

Nikaingia ndani nikamtafutia mfuko wa nailoni, nikaikunja barua, nikaitia humo, nikaufunga mafundo mawili ili isilowe njiani.